Barua ya wazi kwa wakuu wa safari za mwezini: chombo cha kuokoa kitangulie, watu wafuate

Kwa wakuu wa NASA kule Washington, kwa wakuu wa mpango wa wanaanga wa China kule Beijing, kwa shirika la anga la Ulaya, kwa kamati ya Umoja wa Mataifa ya anga za juu kule Vienna, na kwa ndugu zetu wa shirika la anga la Kenya, nyinyi ndo nataka mnisome kwanza.

Assalaam aleykum kwa wa salamu hio, na hamjambo kwa wengine wote.

Naandika kutoka Mombasa. Kazi yangu ni maboti ya bandari hapa Kilindini, roketi sijaunda, lakini habari ya mtu aliekwama mahali hawezi kujitoa mwenyewe naijua, na hizi safari za mwezini nazifuatilia sana, nasoma mipango yenu, naangalia michoro, nakesha kuona roketi zikirushwa na nafurahi kama mtu yoyote. Lakini kuna kitu kimoja nakitafuta kila nikisoma na sijakiona kimeandikwa wazi: mtu akishuka juu ya mwezi alafu chombo chake kikakataa kuruka, nani ataenda kumtoa, kwa chombo gani, na kitamfikia siku ya ngapi?

Ombi langu ni hili. Msishushe mtu juu ya mwezi mpaka kitu cha kumtoa kiwe kishafika hukohuko, kimetua au kinauzunguka mwezi, na kiwe cha yoyote atakaekwama bila kuuliza katoka nchi gani.

Nasema sasa kwa sababu huu ndo wakati wake. Marekani na wenzao wana Artemis, mpango wao wa kurudisha watu mwezini, wamelenga upande wa ncha ya kusini ya mwezi ambako kuna barafu kwenye mashimo yasiofikiwa na jua. China wamesema watu wao watakanyaga mwezi kabla ya 2030, na kile kituo wanachotaka kujenga baadae pamoja na Warusi kiko upande huohuo wa kusini. Kwa hivo tunaelekea siku ambayo watu wa mataifa mawili wasioongea vizuri watakuwa juu ya mwezi kwa miaka ileile, pengine kwa wiki ileile, na kila mmoja akitegemea chombo kimoja tu alichoshukia.

Tukumbushane ya 1969. Armstrong na Aldrin walishuka na injini moja tu ya kuwarudisha juu, haina ya akiba, ikikataa kuwaka basi imekataa. Na mwajua kwamba swichi ya kuitayarisha hio injini ilivunjika mlemle ndani ya kile chumba chao kidogo, na Aldrin akaisukuma na kalamu ya wino ndo ikaingia. Kule duniani Rais Nixon alikuwa ameshaandikiwa hotuba ya msiba, tarehe 18 Julai, wakati wale watu wangali njiani kwenda, na kwenye ile karatasi kila kitu kimepangwa, rais awapigie simu wake zao kwanza, asome hotuba, alafu NASA wakishakata mawasiliano, kasisi afanye kama anavofanya maiti akizikwa baharini. Yaani wakate mawasiliano na watu walio hai. Mimi hapo kwenye maziko ya baharini nilisoma mara mbili, kwa sababu sisi watu wa bahari twajua maiti huteremshwa majini akiwa ameshakufa kweli, ameoshwa, ameswaliwa, na hakuna njia ya kumfikisha nchi kavu kwa wakati. Hawa wangefanyiwa hayo na pumzi zao bado zinaingia na kutoka. Michael Collins, mwenzao wa tatu, alikuwa juu yao anazunguka, na kama wangefika hata mzunguko wa chini angeweza kushuka kiasi awafuate, lakini walipokuwa juu ya ardhi ya mwezi hakuwa na namna yoyote ya kuwafikia, ingebidi arudi nyumbani peke yake.

Siwalaumu watu wa 1969, walikuwa wanafanya kitu hakijafanywa na mtu. Lakini nyinyi mko zaidi ya nusu karne mbele yao na mna habari zote walizokuwa hawana.

Sasa hebu tupige hesabu ya siku, manake uokoaji wote ni hesabu ya siku na saa, huo wa baharini na huo wa mwezini. Mwezi uko kilomita 384,400 hivi kutoka hapa, na wale wa Apollo, safari za Wamarekani za wakati wa Armstrong, walichukua kama siku 3 kufika. Watu husikia siku 3 wakaona ni karibu, wakadhani kukitokea shida roketi itarushwa jioni ifike baada ya siku 3. Haiko hivo. Angalieni ile Artemis 1 ya 2022, haikuwa na mtu ndani, ilitakiwa kuruka 29 Agosti ikaahirishwa, ikaahirishwa tena mwanzo wa Septemba, kikaja kimbunga ikarudishwa ndani, mpaka 16 Novemba ndo ikaruka. Na hio ni roketi iliokuwa tayari imesimama pedini. Chombo cha kushukia cha SpaceX nacho, kabla hakijaelekea mwezini lazima kijazwe mafuta kikiwa kwenye mzunguko wa dunia, na hayo mafuta yapelekwe na roketi zingine kadhaa moja baada ya nyingine. Alafu kuna ule mzunguko mrefu uliopangiwa Artemis kuzunguka mwezi, unachukua siku 6 na nusu kukamilika raundi moja, kwa hivo hata chombo kikiwa tayari kiko kule, kama kimeshapita ile sehemu ya karibu, mtu alie chini asubiri.

Na mtu alie chini yuwasubiri na nini? Suti mpya za kutembelea mwezini zinaundwa kwa kazi ya saa 8. Hewa, maji na betri za chombo zimehesabiwa kwa safari ya wiki moja hivi na ziada kidogo. Joto la kule kwenye mashimo yenye kivuli cha kudumu linashuka chini ya nyuzi 200 za baridi, ukiwa na umeme utaishi, umeme ukikatika hata oksijeni haikusaidii.

Tazameni mliyoyafanya wenyewe karibuni, na hapo watu walikuwa kwenye vituo vyenye hewa na chakula, kilomita 400 hivi tu juu ya vichwa vyetu. Desemba 2022 Soyuz MS-22, chombo cha Warusi, ilivuja maji ya kupoza, chombo cha kuibadilisha kikarushwa mwisho wa Februari 2023, zaidi ya miezi miwili, na Mmarekani Frank Rubio akajikuta amekaa siku 371. Juni 2024 Butch Wilmore na Suni Williams walipanda Starliner, chombo cha Boeing, kwa safari ya kama wiki moja, wakarudi Machi 2025 kwa chombo kingine kabisa. Novemba 2025 Wachina watatu wa Shenzhou-20 waliahirishiwa kurudi tarehe 5 kwa sababu dirisha la chombo lilipata ufa, inadhaniwa ni kipande cha taka za angani kililigonga, wakarudi tarehe 14 kwa chombo cha wenzao, na wale wenzao wakabaki kituoni bila chombo cha kuaminika cha kurudia mpaka Shenzhou-22 ikarushwa bila watu tarehe 25. Na hapo China ndo wenye utaratibu mzuri kuliko wote, kila wakirusha chombo kimoja wana kingine na roketi yake kinangoja pale Jiuquan, kituo chao cha kurushia. Nawapongeza kwa hilo, wallahi nawapongeza. Lakini hesabuni, kutoka tarehe 5 mpaka tarehe 25 ni siku 20, kwa nchi iliojitayarisha, kwa umbali wa kilomita 400. Sasa mwekeni mtu kilomita 384,400 mbali, bila kituo, ndani ya chombo kilicholala ubavu, alafu mniambie hizo siku 20 atazimaliza vipi.

Nimesema kulala ubavu si kwa kutisha watu. Januari 2024 chombo cha Japan cha SLIM kilitua kikasimama na pua. Februari ya mwaka huohuo Odysseus ya kampuni ya Marekani ikatua ikaanguka upande, na Machi 2025 ndugu yake Athena nayo ikalala ubavu ndani ya shimo. Luna 25 ya Urusi iligonga mwezi Agosti 2023 ikaisha. Hivyo vyote havikuwa na watu, alhamdulillahi. Lakini ardhi ni ileile, upande wa kusini jua liko chini sana na vivuli ni virefu, na Starship, kile chombo cha SpaceX kinachotaka kushusha watu, kina urefu wa karibu mita 50, watu washuke na lifti. Chombo cha namna hio kikiinama, au lifti ikikwama na mmoja yuko chini na suti ya saa 8, hakuna simu ya kupigia Dunia ikamsaidia kwa wakati.

Sisi hapa Mombasa twajua uokoaji unaotafutwa baada ya msiba unavyokuwa. Mtongwe 1994 feri ilipinduka, watu 272 wakafa, na nchi kavu yaonekana kwa macho. Septemba 2019 pale Likoni gari liliteleza kutoka kwenye feri likazama na mama na mtoto wake wa kike, na likatolewa baada ya karibu wiki mbili, kutoka kina cha zaidi ya mita 50. Watu walisimama pwani siku baada ya siku, wapiga mbizi wanatafutwa, vifaa vinatafutwa, wengine wakaja mpaka kutoka nje ya nchi, na kila mtu aliekuwa pale alikuwa na nia njema na alitaka kusaidia. Nia haikuwa ndo shida. Vifaa vya kina kile havikuwa pale feri ilipo. Ndo maana nikisikia mkuu wa anga akisema kwamba kukitokea dharura mataifa yatashirikiana, moyo wangu hautulii, kwa sababu ushirikiano unaotafutwa siku ya msiba nimeuona kwa macho yangu, na maji hayakungoja.

Kwa hivo mwezini hakuna kumfuata mtu. Kilichotangulizwa ndo kitakachomwokoa.

Na wazo hili si langu, lipo tangu zamani. Warusi wa enzi ya Sovieti walipopanga kumshusha mtu mmoja peke yake juu ya mwezi, mpango wao ulikuwa watangulize chombo cha akiba kitue kwanza, na gari la Lunokhod liwepo pale la kumbeba yule mtu kutoka chombo kibovu mpaka kizima. Hawakufika, roketi yao kubwa ya N1 iliharibika mara zote nne ilizorushwa, lakini akili ya ule mpango ilikuwa sawa kabisa na mimi nashangaa umesahaulika. Wamarekani nao mwishoni mwa miaka ya 60 walichora kitu kama kiti kinachoruka, hakina ukuta wala paa, wanaanga wawili wakae juu yake na suti zao, watie mafuta yaliobaki kwenye chombo chao, waruke mpaka kwenye mzunguko wakaokotwe na mwenzao. Kilibaki kwenye karatasi.

Na kwenye zile feri za angani za NASA, yaani space shuttle, Columbia ilipoharibika Februari 2003 na kuua watu 7, wachunguzi walisema kwamba kama ule uharibifu ungejulikana mapema, Atlantis ambayo ilikuwa tayari inaandaliwa ingeweza pengine kuwahishwa kwenda kuwachukua. Baada ya hapo NASA ikabadilika. Mei 2009 Atlantis ilipoenda kutengeneza darubini ya Hubble, mahali ambapo haikuweza kukimbilia kituo cha anga, Endeavour ilisimamishwa kwenye pedi ya pili, imeandaliwa, ikingoja tu kuambiwa. Haikuhitajika. Na sijasikia mtu aliesema pesa zimepotea. Sasa mbona iwe kwa Hubble, kilomita mia tano na kitu juu ya dunia, mlisimamisha chombo cha pili, na kwa mwezi hamsimamishi?

Najua jibu la kwanza litakuwa ni pesa. Mkaguzi mkuu wa NASA mwenyewe alisema 2022 kwamba kila mruko wa mwanzo wa ile roketi ya Artemis na Orion, chombo chake cha kubeba watu, utagharimu dola bilioni 4.1, na ukiwaambia waweke kingine cha akiba watashika vichwa. Lakini mimi sisemi mrudufishe kila kitu. Chombo cha kutoa watu hakihitaji maabara, wala vitanda, wala lifti ya mita 50. Kinahitaji viti, hewa ya siku chache, na injini ya kuwafikisha kwenye mzunguko, kasi ya kama kilomita 1.8 kwa sekunde, sio kitu kikubwa ukilinganisha na kutoka duniani. Kitu kimoja tu hapa nasisitiza, na wahandisi wenu wanajua kuliko mimi: kiwe na mafuta yanayokaa. Starship yatumia methani na oksijeni ya baridi kali, Blue Moon, chombo cha kushukia cha kampuni ya Blue Origin, yatumia haidrojeni na oksijeni ya baridi kali, haya ni mafuta yanayochemka na kupotea pole pole ukiyaacha, yatakaa vizuri kama una mitambo ya kuyapoza inayofanya kazi kila siku. Apollo walitumia yale mafuta mawili yanayowaka yenyewe yakikutana, ni sumu kali lakini yanakaa kwenye tangi bila kupoozwa namna hio, na hayahitaji cheche. Chombo cha kungoja mwaka mzima kule mwezini kiwe cha namna hio.

Pamoja nacho wekeni kibanda cha kujihifadhi. Mimi nasema hewa, maji, chakula na umeme wa siku 30 kwa watu wanne, kwa sababu nimeona siku 20 za kilomita 400 zilivyokuwa. Na kiwe mahali watu watafika kwa miguu. Apollo walikuwa na sheria nzuri sana ya kutembea, wakipanda kigari wanaenda kwanza mpaka mwisho wa mbali alafu wanafanya kazi wakirudi, ili kigari kikiharibika wakati hewa imepungua wawe tayari wako karibu. Apollo 17 walifika mbali kuliko wote, kilomita 7.6 kutoka chombo chao, na hawakuvuka pale ambapo wangeweza kurudi kwa miguu. Wekeni kile kibanda ndani ya mstari huo.

Na fikirini habari ya yule asieweza kutembea. Hii ndo inaniumiza zaidi, manake chombo kizima hakimsaidii mtu alielala kilomita 2 kutoka mlangoni. Mtu na suti yake mpya anafika kama kilo 340 kwa uzani wa huku kwetu. Kule mwezini uzito unakuwa sehemu ya sita, sawa, lakini ile suti bado ni kubwa na ngumu, na mwenzake nae amevaa vilevile, hawezi kuinama vizuri, na njia ni mteremko. NASA wenyewe 2024 walitangaza shindano la watu kubuni kifaa cha kumvuta mwanaanga aliezimia kilomita 2 kwenye mlima wa nyuzi 20 bila gari, zawadi zote pamoja dola 45,000. Ulaya nao 2019 walijaribu chini ya bahari kule Florida kifaa chao cha mtu mmoja kumnyanyua mwenzake na kumlaza kwenye machela. Hizi ni kazi nzuri sana, nawaambia kwa moyo mmoja. Nataka tu ziwe vifaa vilivyofungwa kwenye chombo siku ya kuruka, zisibaki picha za maonyesho.

Nije kwenye milango na mipira ya kupitishia hewa, kwa sababu hapa ndo naona mataifa mtawaua watu bila kukusudia. Aprili 1970 tangi la oksijeni la Apollo 13 lililipuka wakiwa karibu kilomita 320,000 kutoka duniani, na Lovell, Swigert na Haise wakahamia kwenye chombo cha kushukia mwezini wakakifanya boti la kuokolea. Hewa chafu ikaanza kujaa. Dawa za kusafisha hewa zilikuwepo, nyingi, kwenye chombo kikubwa, lakini makopo yake yalikuwa ya mraba na matundu ya chombo kidogo yalikuwa ya duara. Nchi moja, shirika moja, safari moja, na bado vifaa havikuingiana, mpaka watu wa chini wakakaa wakabuni namna ya kuunganisha na mifuko ya plastiki, kadibodi, mpira wa suti na gundi ya utepe. Waliokoka. Sasa fikirini Mchina amekwama na kibanda cha Wamarekani kiko kilomita 3 kutoka alipo, amefika mlangoni, hewa imebaki nusu saa, na mpira wa suti yake hauingii kwenye tundu la ukuta.

Hili si gumu kama watu mnataka. 1972 Marekani na Sovieti, na uadui wao wote, walikubaliana kutengeneza mlango wa kuunganishia ambao vyombo vyote viwili vingeweza kushikana, moja ya sababu ikiwa ni kuokoana, na Julai 1975 Apollo na Soyuz zikashikana kweli wakapeana mikono angani. Tangu 2010 kuna hata kipimo cha kimataifa cha milango ya vyombo kilichotolewa hadharani. Ongezeni hapo kipimo cha tundu la oksijeni, la maji ya kupoza na la umeme, pamoja na masafa ya redio ya kuomba msaada. Watu wa meli yoyote duniani wakija Kilindini wanajua chaneli 16, ile ya redio ya kuomba msaada, awe Mfilipino, Mgiriki au Mhindi. Meli haziulizani bendera kwanza.

Na kwa hio redio kuna mfano mkubwa zaidi ambao watu wa bahari twautegemea kila siku. Setilaiti za Cospas-Sarsat, zile zinazosikia kile kifaa cha dharura meli ikizama, zilianzishwa kwa makubaliano ya 1979 ya Marekani, Sovieti, Kanada na Ufaransa, katikati ya vita baridi, mabomu yameelekezwa kila upande. Septemba 1982 ndege ndogo ilianguka kule Kanada, na setilaiti ya Sovieti ndo iliosikia, watu watatu wakaokolewa. Setilaiti ya adui. NASA sasa wana wazo la LunaSAR, kifaa kama hicho cha mwanaanga kupiga kelele akiwa mwezini. Nawaomba msikifunge kwa wenzenu wa Artemis peke yao. Chombo cha China kikizunguka pale kisikie, na cha Marekani kisikie cha Wachina.

Kisheria tuko wapi? Mkataba wa 1967 wasema wanaanga ni wajumbe wa wanadamu wote, na wakiwa angani au juu ya mwezi wa nchi moja wawape wa nchi nyingine msaada wote unaowezekana. Hilo limeandikwa na Marekani wamo, Urusi wamo, China wamo, Kenya tumo. Mkataba wa uokoaji wa 1968 umezungumza sana habari ya walioanguka duniani, kwenye nchi ya mtu au bahari kuu, wa juu ya mwezi wanasheria bado wanabishana. Ule wa mwezi wa 1979 ndo ulisema wazi kwamba mwenye kituo ampe hifadhi alie kwenye dhiki, lakini wakubwa wote watatu hawakuuridhia. Makubaliano ya Artemis ya 2020 yana kifungu cha kusaidiana kwenye dharura, na China haikutia sahihi. Na juu ya hayo yote kuna ile sheria ya bunge la Marekani tangu 2011 inayozuia NASA kufanya kazi moja kwa moja na China bila ruhusa maalum. Wabunge wa Marekani, na nyinyi mumo kwenye barua hii, wekeni ruhusa ya kudumu kwa jambo moja tu, uokoaji wa mtu. Hakuna siri ya kijeshi kwenye kipenyo cha tundu la oksijeni.

Sasa ndugu zetu wa Nairobi. Msione hili ni la wakubwa sisi halituhusu. Kenya imo kwenye ile kamati ya Vienna tangu 1973. Kutoka pwani yetu hii, kwenye majukwaa ya San Marco yaliosimama baharini upande wa Malindi, setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, ya kwanza duniani kuangalia nyota kwa eksirei, na kituo chenye antena kipo mpaka leo pamoja na Waitaliano. Na hapa Mombasa tuna kituo cha kuratibu uokoaji baharini kilichofunguliwa 2006, kinachoangalia bahari ya nchi kadhaa sio yetu tu. Yaani sisi twajua kazi ya kuokoa watu wa bendera za wengine, tunaifanya. Mkienda kikao cha Vienna ombeni iwe ajenda yake yenyewe, uokoaji juu ya ardhi ya mwezi, na msikubali ichanganywe na taka za angani au na madini. Pendekezeni antena za Malindi ziwe moja ya zile zinazosikiliza masafa ya dharura ya mwezini, saa ambazo upande wetu wa dunia umeelekea mwezi. Na mkirudi tuambieni hadharani nani alikubali na nani alikataa.

NASA na China, kwenu nyinyi jibu laweza kuwa karatasi moja. Andikeni jina la chombo cha kutoa watu, mahali kilipo, mafuta yake yanakaa muda gani, mtu aliekwama atafikiwa baada ya siku ngapi, hewa yake ni ya siku ngapi, na kama mlango na mipira yake yaingiana na ya mwenzenu. Iwekeni hadharani kabla watu hawajapanda, ili hata familia zao zisome.

Mimi ni mfanyakazi wa maboti, Kilindini, Mombasa.